Zimwi Lililotoka Ukutani kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto nilisimulia vizuri kuliko sasa, kwa hiyo naomba radhi mapema. Jukwaa limeniharibu. Nikiona watu wawili wamekaa pamoja nataka wacheke, na wasipocheka natokwa jasho mpaka kwenye soksi. Habari hii haitaki mtu wa namna hiyo. Inataka mtu mtulivu, mwenye sauti ya chini, anayejua mahali pa kunyamaza. Mtu huyo yupo katika familia yetu, ni dada yangu Anasia, lakini yeye haongei, anachora. Basi mmebaki na mimi. Poleni sana.

Majuzi, Jumamosi mchana, picha za Anasia zilitundikwa mahali pa watu kuziona kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Njiro, kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye moyo mkubwa na sebule kubwa zaidi. Alitoa makochi yote, akatoa na gari gereji, akapaka kuta rangi nyeupe, akaita watu. Dada yangu ni mkulima wa vitunguu huko Nduruma. Hajawahi kukaa darasani akafundishwa kushika brashi. Anachorea mbao za maboksi, viroba vya unga vilivyofuliwa, hata mlango wa choo cha zamani, ambao siku hiyo ulining'inizwa sebuleni kwa heshima zote. Mimi niliitwa niwe mshereheshaji. Nilivaa suti yangu ya harusi za watu, nikaingia nikiwa na utani umejaa mfukoni kama karanga.

Nikasimama mlangoni. Utani ukabaki humohumo mfukoni.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Mlima Meru. Alikuwa amekaa chini kama mama aliyetoka shamba, ukungu umemkaa mabegani kama kanga, anakunywa uji kwenye kibuyu, na mto unamtoka kwenye kiwiko bila yeye kujua. Pembeni yake wanawake walikuwa wanateremka sokoni Tengeru wamejitwika mikungu ya ndizi, na kila ndizi ilikuwa na dirisha, na kila dirisha lilikuwa na taa, na ukisogeza pua karibu unaona watu humo ndani wanakula. Kwingine msichana alikuwa amelala ndani ya ua la mgomba, lile la zambarau lililojikunja kama kiganja, akilindwa na mbuzi wenye pembe zilizoota majani. Na kwenye ule mlango wa choo, mwezi ulikuwa umeanikwa vipande vipande kwenye chanja za kahawa, na bibi kizee anavigeuza kwa mkono, taratibu, vikauke pande zote.

Halafu, karibu kila picha, mahali fulani, lilikuwepo zimwi. Mara limejificha nyuma ya mibuni, mara limekaa mtoni limeloweka miguu. Mdomo wazi, macho yametoka, mikono juu. Halikuwa likimdhuru mtu. Lilikuwepo tu, kama ndugu ambaye hamkumwalika na hamuwezi kumfukuza.

Watu walitembea humo ndani polepole. Walikuwa watu wa ofisini, wenye funguo za magari mikononi, watu ambao kwa kawaida wakikutana wanaongea wote kwa pamoja. Siku hiyo walinong'ona. Mzee mmoja alivua kofia. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti na sikuwa na la kusema, jambo ambalo mke wangu hakuliamini nilipomweleza jioni.

Ndipo mama mmoja, mwalimu wa chuo, akamsogelea dada yangu kwa adabu. "Samahani, dada. Ulisomea wapi kazi hii?"

Anasia akaitazama mikono yake kwanza. "Sikusomea, mwalimu," akajibu. "Nilipewa adhabu."

Watu wakacheka. Wakanigeukia mimi, wakidhani ni mimi niliyemfundisha mzaha huo. Lakini haukuwa mzaha hata kidogo. Nilikuwepo siku aliyopewa adhabu hiyo, na nusu yake nilipewa mimi.

Tulilelewa kwa Bibi, mama yake Baba, kwenye mteremko wa juu ya Tengeru, mahali ambapo ukitoka mlangoni asubuhi hujui kama umeingia uani au umeingia kwenye wingu. Migomba ilisimama kuzunguka nyumba kama watu wanaosubiri kuitwa ndani. Chini ya migomba, mibuni. Pembeni, mfereji wa maji ukipita na kuongea peke yake usiku na mchana. Jioni tulikaa jikoni, ndizi zikiiva kwenye majivu, na Bibi akitusimulia habari za irimu, yaani zimwi, kwa sauti ndogo ambayo ilitulazimu tusogee karibu. Nadhani alifanya makusudi. Tulipokuwa tumesogea vya kutosha, alipiga paja lake paa! na sote tukaangukia kwenye kuni.

Lakini Bibi alikuwa na sharti moja: hadithi haisimuliwi jua likiwa juu. Kila nyumba ya kwetu ilikuwa na sharti hilo, ila vitisho vilitofautiana. Kwa jirani wa juu, ukisimulia mchana ungeota pembe. Kwa jirani wa chini, mkia. Sisi tulitamani vitisho vya jirani, maana cha Bibi kilikuwa kigumu kukielewa.

"Hadithi ikitolewa nje mchana," alisema, "haijui njia ya kurudi jikoni. Itamfuata aliyeitoa."

"Itamfuata mpaka wapi, Bibi?"

"Mpaka aimalize."

"Na ikiwa ndefu?"

"Basi atakuwa na kazi." Akageuza ndizi.

Anasia alikuwa mkubwa kwangu, ameshafikia darasa la kipaimara. Na alikuwa na ugonjwa wa kuchora. Akiona kipande cha mkaa, mkono wake ulikwenda wenyewe. Alichora kwenye milango, kwenye mfuniko wa sanduku la Mama, na siku moja, kwa bahati mbaya sana, kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisani, ambamo alimpa malaika pembe za ng'ombe kwa sababu, alivyoeleza, "alikaa vizuri nazo." Mwalimu wa kipaimara alipanda mlima mwenyewe kumwona Baba. Akasema msichana akichora tena, jina lake linaondolewa, atarudi kuanza na wadogo mwaka unaofuata.

Kwa asiyetoka kwetu, hilo linaweza kuonekana dogo. Kwetu, kipaimara ndiyo siku yako. Unavaa gauni jeupe, unapiga magoti na wenzako uliocheza nao, mbuzi anachinjwa, shangazi wote wanakuja. Kurudishwa nyuma ni kupiga magoti mwakani katikati ya watoto wanaokufikia kifuani, ukijua kila mama kwenye benchi anamweleza mwenzake sababu. Baba akatoa tamko: "Mkaa ukionekana mkononi mwako, Anasia, sahau gauni."

Basi akaacha. Na nyumba ikawa na huzuni fulani. Nilimwona akichora hewani kwa kidole akiwa anachunga mbuzi, halafu akikumbuka, anauficha mkono kwapani kana kwamba umefanya wizi.

Wiki ya mwisho kabla ya siku yenyewe, mchungaji alikuwa na desturi ya kupita kwenye nyumba za watoto wa kipaimara, awaulize amri na sala mbele ya wazazi. Kwetu angekuja Ijumaa. Baba alipaka chokaa mpya ukuta wa nyumba ya Bibi unaotazama ua. Uling'aa mpaka kuku waliukwepa. Akakata na migomba kadhaa kuandaa sherehe, na ile migogo ikalala uani inatiririsha maji.

Jumatano adhuhuri nilimkuta Anasia mbele ya ukuta ule, ameshika kijiti, anakichovya kwenye utomvu wa mgomba na kukipitisha kwenye chokaa.

"We Anasia! Unafanya nini?"

"Sichori."

"Sasa hicho nini?"

"Nalowesha ukuta. Angalia mwenyewe, unaona kitu?"

Niliangalia. Hakukuwa na kitu. Utomvu mbichi ni kama maji tu, ukipita unaacha unyevu, unyevu unakauka, ukuta unabaki ulivyokuwa. Dada yangu alikuwa amepata njia ya kuchora bila kuchora, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda.

"Nisimulie lile la irimu," akaniambia. "Mkono unataka kujua unakwenda wapi."

"Jua liko utosini, Anasia. Bibi alisema..."

"Simulia kidogo kidogo. Jua lenyewe halisikii."

Hakuhitaji kunibembeleza zaidi. Nani mwingine alikuwa amewahi kuniomba nisimulie? Nilipindua ndoo, nikakaa juu yake, nikaanza. Ilikuwa ile ya msichana aliyetumwa kuomba moto kwa shangazi yake, akapotea kwenye ukungu, akaingia nyumba ya irimu akidhani amefika. Nilitoa sauti zote. Nilikuwa msichana, nilikuwa ukungu, nilikuwa irimu. Anasia alinitazama, akachovya kijiti, akakipitisha ukutani, akanitazama tena. Msichana alipokuwa ameshafungiwa mlango, na irimu linauliza kutoka gizani, "Nani ananukia moshi humu ndani?", Mama akatuita twende kukata majani ya ng'ombe. Tukaenda. Hadithi tukaiacha hapohapo.

Kila mtoto wa kwetu anaujua utomvu wa mgomba. Ukidondokea shati leo, huoni kitu. Baadaye unatokea doa la kahawia ambalo sabuni, chumvi na matusi ya mama haviliondoi. Lakini sisi tulilijua la nguo. Ukuta, nani aliwahi kuuvalisha?

Alhamisi asubuhi nilitoka mimi wa kwanza. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kizingiti, na ukuta ulionekana kwa vipande, unakuja na kupotea. Niliona shingo kwanza, nyembamba kama moshi. Ukungu ukafunika. Ukafunua. Nikaona mkono umeinuliwa. Ukafunika. Ukafunua, na mdomo ulikuwa pale, mkubwa, wazi, unanielekea mimi. Ninachokumbuka ni kwamba sikupiga kelele. Nilirudi ndani kinyumenyume, nikaingia chini ya blanketi la Anasia, nikamwambia sikioni, "Limetoka."

Alitoka pekupeku. Nilimfuata, nimeshika gauni lake. Akasimama mbele ya ukuta akaweka kiganja mdomoni, nikadhani ataanza kulia. Nikamchungulia usoni. Hakuwa na hofu. Alikuwa anaitazama kazi yake kwa mara ya kwanza, maana wakati wa kuichora hakuiona.

Baba aliiona naye. Hakuuliza, alichukua chokaa iliyobaki akapaka juu. Saa chache baadaye lile zimwi likajitokeza tena, safari hii limepauka, kama linatutazama kupitia pazia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama akasema afadhali la kwanza. Baba akapaka tena mpaka ndoo ikalia. Ijumaa kulipopambazuka lilikuwepo, limesimama palepale kwa subira.

"Nani?" Baba akauliza.

"Ni mimi, Baba," Anasia akasema. "Kwa maji ya mgomba. Sikujua yatashika."

Baba alikaa kwenye kigogo. Hakuwa mtu mkali, na ndiyo maana tuliogopa. "Mchungaji anakuja mchana," akasema polepole. "Mwenyewe utamweleza. Gauni nitalirudisha kwa shangazi yako leoleo, ili lisikae ndani likikutazama."

Anasia aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka bila sauti, moja moja, kwenye vidole vya miguu. Nilitaka kufanya kichekesho. Sikukipata.

Bibi alikuwa ametoka alfajiri kwenda mpakani mwa shamba, akarudi na jani la isale. Isale ni mmea tunaoupanda mipakani, na jani lake likifungwa fundo ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu, ukamletea isale, hawezi kukukatalia, hata kama umemuulia ng'ombe. Nilishaona wazee wakipelekeana. Sikuwahi kuona mtu akilipelekea ukuta. Bibi alisimama mbele ya lile zimwi, akalichomeka jani kwenye ufa karibu na miguu yake, akaongea nalo kwa Kimeru, kwa upole, kama anavyoongea mtu na mgeni aliyefika nyumba ikiwa haijafagiwa.

"Wajukuu wangu wamekutoa jua likiwaka. Akili bado hazijakaa. Usituhesabie."

"Mama," Baba akasema, amechoka, "huo ni utomvu."

"Najua ni utomvu. Nani alikuwa anafua nguo zako? Mimi naongea na kilichoingia kwenye utomvu." Akatugeukia. "Hadithi iliishia wapi?"

Nikajibu mimi: "Msichana yuko ndani kwa irimu, Bibi. Mlango umefungwa."

"Halafu?"

"Halafu tukaenda kukata majani."

Bibi akashika kiuno. "Mmemfungia mtoto wa watu ndani kwa irimu tangu juzi, ninyi mkaenda kukata majani? Mkala na chakula? Mkalala?"

Kwa kweli tulilala. Nikajiona mtu mbaya kabisa.

Ndipo akatoa hukumu. Anasia achukue mkaa, udongo mwekundu, buluu ya kufulia, chochote anachotaka, aimalize hadithi ukutani, ukuta mzima, asiondoke mpaka msichana atoke. Na mimi niufunge mdomo wangu, nisitamke neno lolote mpaka jua lizame, nisije nikatoa na nyingine.

"Mama, mchungaji!" Baba akaruka.

"Mchungaji ni wetu sote," Bibi akasema. "Ukuta ni wangu."

Nimeona mambo mengi mazuri tangu siku hiyo, na sijaona kama asubuhi ile. Anasia alichora kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alitafuna ncha za vijiti zikawa brashi. Alikoroga buluu ikawa ukungu, na ule ukungu akaupitisha kuanzia msingi mpaka chini ya paa, na ndani yake migomba ikitembea kwa mizizi kumtafuta msichana. Alichora mfereji ukipanda mlima badala ya kushuka. Alichora mbuzi wetu mweupe amebeba kaa la moto kwenye pembe. Lile zimwi hakuligusa. Alilijengea nyumba tu, akaliwekea na kigoda, likawa kwake. Kuku wakaacha kukwepa ukuta, wakaja wakalala chini yake. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake nikiwa nimebana midomo, na kichwa changu kilikuwa kinavuma kama mzinga.

Mchungaji alifika na pikipiki yake, imelowa tope mpaka kwenye usukani. "Shikamoo, Bibi," akasema, na kabla Bibi hajamaliza marahaba yake, akauona ukuta. Akavua kofia ya pikipiki. Akaletewa kiti, akakaa. Akaletewa chai, akaishika. Hakuinywa. Baba alikuwa amesimama karibu naye akikunja na kukunjua mkono wa shati. Anasia alikuwa pembeni, buluu kwenye pua, udongo kwenye nywele, amesimama wima kama mtu anayesubiri kusomewa kesi.

Macho ya mchungaji yakautembea ukuta polepole, kutoka kwa zimwi kwenda kwa mbuzi.

"Huyu msichana," mchungaji akasema mwishowe, akionyesha kona ya mwisho, ambapo msichana ameshika komeo la mlango wa nyuma na kaa la moto limo kwenye kiganja, "alitoka?"

Mchungaji akanitazama mimi, maana nilikuwa natikisika. Nilikuwa na jibu mdomoni, zima, lina sauti zake zote, na mashavu yalikuwa yamejaa.

"Kijana, unaumwa meno?"

Nikatikisa kichwa.

"Ukuta umekwisha, Mchungaji," Bibi akasema. "Kilichobaki ni cha mdomo. Na jua bado."

Mimi nilifumba macho. Baba naye nadhani alifumba. Mchungaji alikuwa mtu wa mlima kama sisi, amezaliwa bonde la pili, na kabla ya kusomea uchungaji alishakuwa mjukuu wa mtu. Aligeuka akalitazama jua, likiwa bado limetulia juu ya migomba. Akatazama pikipiki. Akauvuta ule mdomo wake kama anayepiga hesabu ngumu.

"Basi nitasubiri," akasema.

Baba akashindwa kujizuia. "Mchungaji, lazima niseme ukweli. Mwalimu alisema huyu akichora tena, jina linaondolewa."

"Alichora kwenye kitabu cha nyimbo. Niliona. Malaika mwenye pembe." Mchungaji akanywa chai yake, hatimaye. "Hiki ni kitabu cha nyimbo?"

"Hapana, Mchungaji."

"Anasia, njoo hapa. Amri ya nne."

Akaijibu. Akaulizwa sala, akazisema zote, bila kukwama, huku anadondosha buluu uani. Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. "Jumapili uje na wenzako. Mikono uoshe."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta.

Jua lilipozama tukaingia jikoni, mchungaji kwenye kigoda magoti yakimfika kidevuni, na Bibi akatusimulia mwisho. Ningewaambia ulivyokuwa, lakini sijui mnasoma saa ngapi. Niseme tu kwamba mchungaji aliondoka akipiga mluzi, na mluzi wake tuliusikia mpaka ukakutana na barabara kubwa.

Jumapili Anasia alipiga magoti katika gauni jeupe, vidole vyake vya kahawia mpaka kwenye viungo, maana utomvu hauoshwi kwa agizo la mtu yeyote. Wanawake kwenye mabenchi waliviona. Mchungaji alimwekea mikono kichwani kama wengine, na nilidhani, pengine kwa sababu nilikuwa mdogo, kwamba alikaa naye kidogo zaidi.

Ukuta ule uliishi mpaka nyumba ilipobomolewa, Bibi akiwa ameshatutoka. Anasia aliolewa Nduruma, na huko akaanza na ukuta wa jiko, akaenda kwenye stoo ya vitunguu, akahamia kwenye viroba. Mume wake, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema amejenga nyumba na mke wake anaijenga tena kwa juu. Mwaka jana nilimuuliza kwenye simu kama hachoki.

"Nikimaliza moja," akaniambia, "nyingine inakuwa imesimama mlangoni."

"Zinakujia usiku, kwenye ndoto?"

"Mchana, mdogo wangu. Mchana kabisa. Napalilia, nainua macho, inanitazama."

Nilicheka, halafu nikamkumbuka Bibi. Kitisho cha Bibi kilikuwa kimetimia, na hakuna aliyegundua, kwa sababu tulikuwa tunasubiri kitu kibaya. Hadithi ilitoka nje mchana ikapotea njia, ikamfuata dada yangu kutoka mlimani mpaka Nduruma, kutoka usichana mpaka ujane, na siku zile ambazo nyumba yake ilikuwa kimya sana, ilikuwepo. Bibi hakumwondolea adhabu hiyo. Nadhani aliuona ule mkono ukifichwa kwapani, akatafuta amri ya kuutoa nje, amri ambayo hata Baba asingeweza kuipinga. Kama alikuwa anaamini kweli, au alikuwa anatumia tu kilichopo, sijui. Nilipozitazama picha zile Njiro, jua la mchana likiingia kwenye madirisha makubwa na kuwaangazia mbuzi wenye majani na vipande vya mwezi, sikuona kwamba kuna tofauti.

Machozi yalikuwa yameanza kunilengalenga, jambo baya kwa mshereheshaji, ndipo yule mwalimu wa chuo akarudi. Alikuwa amezunguka sebule yote na gereji.

"Samahani tena, dada. Hili zimwi liko kila mahali. Sura yake uliitoa wapi?"

Nikasogea karibu. Kusema kweli, miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza.

"Sikuitunga," Anasia akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Siku ile ya kwanza nilikuwa sijui irimu likoje. Nikachora nilichokuwa nakiona. Alikuwa amekaa mbele yangu juu ya ndoo, anasimulia."

Mwalimu akaitazama picha: mdomo wazi, macho yametoka, mikono juu. Akanitazama mimi, nimesimama na kipaza sauti. Akaitazama picha tena. Na mmoja baada ya mwingine, sebule nzima ikafanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo naomba jambo hili liwekwe sawa, maana dada yangu alikaribia kunyimwa kipaimara kwa sababu yake. Anasia hakuuchafua ukuta wa Bibi. Yeye alichora tu. Ile sura mbaya ilikuja kwa miguu yake, ikapindua ndoo, ikakaa.